Maumivu ya Mama wa Endarasha

Nyinyi vijana mnaosoma haya mkiwa mmelala kwenye viti, kaeni wima kidogo. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Lakini nilifanya kazi hospitalini tangu uhuru ukiwa mchanga hadi nikaota mvi, na kuna jambo nililosikia huko ambalo linanishangaza mpaka leo.

Siku ya kwanza, katika hospitali moja pale Nyeri, matroni, yaani mkubwa wa wauguzi wote, alinipa ndoo mbili na aproni ya kijani.

"Hii ya kuosha, hii ya kusuuza. Ukizichanganya, unarudi kwenu. Na humu ndani hakuna Kikuyu. Kiswahili ama Kiingereza."

"Ndiyo, matroni."

Nilipiga deki wodi ya akina mama miaka mitano, mdomo nimefunga.

Asubuhi moja akaletwa mama mzee kutoka Endarasha. Kiswahili chake kilikuwa "asante" tu. Daktari alikuwa mgeni wa ng'ambo aliyejua Kiswahili bila Kikuyu, kwa hivyo karani wa wodi, kijana mwenye tai aliyekulia shule za bweni, ndiye aliyetafsiri. Mama akaeleza kirefu, polepole. Karani akageuka.

"Anasema tumbo ilikuwa inauma. Saa hii imepoa."

"Vizuri," daktari akasema. "Apewe dawa, aende nyumbani."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha pili. Mama hakusema hivyo! Kwa lugha yetu, maumivu yanayong'ata yana neno lake, yanayochoma yana lake, na yale yanayotokota taratibu kama githeri chunguni yana lake. Yeye aliyapanga kama mtu anayeelekeza njia. Yalianza kitovuni yaking'ata, yakashuka kulia yakichoma, usiku yakatokota, na alfajiri kitu kikapasuka kama kibuyu cha uji, baridi ikaenea tumbo zima. Ndipo yakanyamaza. Akasema anaogopa kimya hicho kuliko maumivu yenyewe. Hakuwa amesoma hata herufi moja, na alikuwa ameona ndani ya tumbo lake.

Nilijua nikisema neno, kazi imeisha, na nyumbani kuna watoto wanne wasio na baba.

"Daktari, hajapoa. Amepasuka ndani, baridi imeenea tumbo zima."

Karani akacheka. "Haiya! Mama Ndoo amekuwa daktari!"

"Wewe na tai yako, mwambie yote aliyosema. Ama hukuelewa?"

Akanipisha kando ya kitanda. Kweli hakuelewa.

"Muulize baridi iko wapi," daktari akaniambia.

Nikamwuliza kwa Kikuyu, matroni akiwa mlangoni. Mama akaukamata mkono wangu wenye sabuni. "Mwanangu, kumbe kuna watu humu." Akaonyesha. Daktari akabonyeza. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Thieta! Sasa hivi!" Hicho ni chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Baada ya majuma kadhaa alirudi Endarasha kwa miguu yake.

Matroni aliponiita ofisini, aproni nilikuwa nimeshaivua.

"Vaa hiyo aproni. Kila asubuhi utazunguka na daktari kwanza. Deki itakungoja." Kisha akasema kwa Kikuyu, mara ya kwanza na ya mwisho: "Hata mimi nilikuwa nimeyasahau maneno hayo."

Baadaye nilihamishiwa Nanyuki. Huko wake wa wachuuzi wa mifugo walilia kwa lugha za kwao, na karani asiyeelewa nikawa mimi. Nilikuwa nakimbia sokoni kumtafuta mama wa kwao, nimlete kitandani.

Sasa nimestaafu, nakaa Gatitu. Juzi niliugua, nikamweleza mjukuu wangu kwa maneno yale yale ya mama wa Endarasha.

"Cucu, sema tu inauma," akaniambia.

Hakuwa ameelewa hata neno moja. Nilipopata nguvu nikawaita watoto na wajukuu wote, hata mwenye digrii, nikawaambia: "Kila Jumapili, kabla ya chakula, kila mmoja atasimama mbele yangu, ashike mwili wake toka utosini hadi vidole vya miguu, akitaja kila mahali na kila maumivu kwa Kikuyu. Asiyemaliza, hali chakula. Na siku nikishindwa kuinuka, asinipeleke kwa daktari mtu ambaye hajawahi kumaliza."