Posa Iliyokwama Burma

Nilipokuwa mpiga chapa wa chuo kikuu Dar es Salaam, idara yetu ilikuwa na chumba kimoja chenye kibao mlangoni: Asia ya Kusini Mashariki. Ndani walikaa wataalamu wanne, mwanahistoria, mchumi, mtaalamu wa mpunga na mwanajiografia. Wote walikuwa na shahada za Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Asia, iwe ya kusini, ya mashariki au ya upande wowote. Miaka ile ya tisini chuo hakikuwa na nauli ya kuwafikisha hata Morogoro. Mchumi alifuga kuku nyuma ya nyumba ili mwezi uishe, na asubuhi alikuja kufundisha jinsi Malaysia ilivyotajirika, sweta lake likiwa na manyoya.

Mimi ndiye niliyechapa kila walichoandika, kwa hiyo najua walivyobishana. Miaka miwili walibishana kama Asia ya Kusini Mashariki ipo kweli au ni jina tu lililobuniwa na Wazungu, na kibao kiko pale pale mlangoni. Ukiwauliza kama wanataka chai, walijibu, "Inategemea." Niliwacheka sana, mpaka nikampenda mmoja wao, yule mwanajiografia, ambaye angalau kuhusu chai alikuwa na msimamo.

Tulipokubaliana kuoana, ilibidi alete posa kwetu Mwanza. Wazazi wake walikwishafariki, ndugu hana wa kutuma, akaamua kuwatuma wenzake watatu wa kile chumba. Nilimwambia anakosea. Akasema ni watu wenye maneno. Nikamwambia ndicho hasa ninachokiogopa.

Baba yangu alikuwa mzee mkali aliyestaafu kazi ya kivuko kule Busisi, ambako kwa miaka mingi alifunga na kufungua kamba za pantoni na kuwafokea madereva wa malori. Mimi ni mtoto wake wa mwisho. Wachumba wawili walikuwa wameshatimuliwa, wa kwanza kwa sababu watu wake walichelewa, wa pili kwa sababu watu wake waliwahi mno. Baba alikuwa amesema waziwazi kwamba huyu wa tatu akishindwa, asiletewe mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na nilimtaka huyu. Basi mjue hali yangu.

Wageni walisafiri kwa treni, na Jumamosi saa nne asubuhi wakaingia nyumbani Mkuyuni. Mchumba mwenyewe alibaki gesti Mirongo, maana mwenye kuposa haji. Walivaa suti za mitumba walizonunua kwa ajili ya siku hiyo. Ile ya mtaalamu wa mpunga bila shaka ilishonewa mtu mrefu sana, maana mikono yake hatukuiona mpaka chakula kilipokuja. Mimi nilikuwa jikoni. Kati ya jiko na sebule palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alisimama shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa redio yetu.

"Wamekaa," akatangaza. "Wameamkia. Mmoja ana daftali."

Desturi yenyewe ni rahisi. Mshenga anasema ameona ua kwenye bustani hii, mwenye bustani anajifanya haelewi, watu wanacheka, wanaelewana. Ni kazi ya nusu saa. Mwanahistoria, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, akakohoa.

"Mzee wetu, kabla ya kufika kwenye hoja, naomba nitoe usuli kidogo."

Nikapunguza moto jikoni. Nilikuwa nimeuchapa usuli wake mara nyingi, na ule mfupi kuliko wote ulikuwa na kurasa arobaini.

Alianza kueleza kazi ya mchumba ili baba ajue binti yake anakwenda kwa mtu gani. Kutoka hapo akaingia Burma, nchi ambayo mchumba aliiandikia. Akaeleza mito ya Burma, mabonde ya Burma na majira ya Burma. Mchumi akadakia, "Kwa upande mwingine..." Chakula kikapelekwa, mtaalamu wa mpunga akaonja wali, akasema kwa heshima zote kwamba mbegu hii asili yake ni Asia.

"Asia?" shangazi akaninong'oneza, pazia likitetemeka. "Mpunga nimelima mwenyewe kwa mgongo huu! Asia lini?"

Baba alikuwa kimya. Niliujua ukimya ule, ndio uliowatimua wale wa kwanza. Nikashika mwiko kwa mikono miwili.

"Mvua ya huko," baba akauliza hatimaye, "ikoje?"

"Ni nyingi kiasi," alisema mwanahistoria.

"Kiasi?"

"Inategemea, mzee."

"Na ruba wapo?"

"Wametajwa."

"Ruba akikung'ang'ania mguuni, unamtoaje?"

Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Hapo," alisema mwanahistoria, "waandishi wanatofautiana."

"Chumvi," baba akasema. "Au moto wa sigara. Ukimvuta, meno yanabaki ndani, panaoza. Mimi paliniozea hapa."

Shangazi akageuka kunitazama, mdomo wazi. Baba alikuwa anapandisha suruali mbele ya washenga.

Tulijua kwamba baba alipigana vita vya Mwingereza. Alipigana wapi? Mbali. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo, na mimi nikiwemo, mimi niliyechapa jina la Burma mpaka herufi B ya mashine ikalegea. Mvua kubwa ilipopiga bati, baba aliacha alichokuwa akifanya, akavaa viatu na kukaa mlangoni mpaka ikatike. Sisi tulidhani anapenda hewa.

"Mzee," mchumi akauliza kwa sauti ndogo, "wewe umefika?"

"Kwa miguu."

"Wanaandika!" shangazi akatangaza. "Wote! Hata mwenye mikono milefu!"

Wakamuuliza udongo wa kule ulivyonata, wenyeji walikula nini, usiku alilala juu ya nini. Baba, ambaye kwa kawaida hutoa maneno kumi kwa siku, akawajibu yote. Walipomuuliza walivyovuka mto mkubwa, alisema atawaonyesha fundo walilofungia maboya, akatazama huku na huku kutafuta kamba, akaiona ile ya pazia, akaivuta. Pazia likaanguka. Tukabaki wazi, shangazi ameinama na sikio mbele, mimi na mwiko wangu na kitambaa kipya cha kichwa.

Mwanahistoria aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili yangu akanitazama usoni.

"Samahani, dada," akasema. "Kuna kalamu humu ndani? Yangu imekwisha wino."

Nikampa kalamu. Ningefanyaje?

Saa kumi na moja jioni waliinuka, wakampa baba mikono miwili miwili, wakaahidi kumletea nakala, wakaondoka. Shangazi akamkabili baba.

"Kaka, wamesemaje kuhusu mtoto?"

"Mtoto gani?" baba akauliza. Kisha akaniona, akakaa chini polepole.

Kule gesti, nilikuja kuambiwa, walirudi wakishangilia. Imekwenda vizuri mno, walisema. Mchumba akauliza, "Kwa hiyo amekubali?" Wakamuuliza, "Nani?"

Treni yao ilikuwa ya Jumapili jioni. Kurudi siku ya pili na suti zile zile kusema wamesahau kuposa, walisema, kungekuwa dharau kwa mzee. Na upande wetu hauruhusiwi kumfuata mwanaume kumkumbusha. Mkuyuni wangeisimulia aibu hiyo hadi leo. Nilikasirika mpaka machozi yakakataa kutoka. Nilisugua sufuria moja asubuhi nzima ya Jumapili.

Baba alitoka chumbani amevaa koti la kanisani.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Sikumaliza habari ya mto," akasema, akashika njia ya Mirongo.

Alirudi saa saba, akakaa kwenye kiti chake.

"Umeumaliza mto, baba?"

"Nimeumaliza. Nikawaambia, jana mmeuliza yote isipokuwa swali moja. Wale watatu wakafungua madaftari kulitafuta. Kijana wako ndiye aliyepiga magoti."

"Ukamjibuje?"

"Inategemea."

Nusura niirushe ile sufuria.

"Inategemea wewe," akasema. "Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi yamekwisha."

Ningekimbia kumwambia shangazi, ila alikuwa nyuma ya mlango na alishaanza vigelegele. Nikabaki nimesimama, na pamoja na furaha yangu yote ile, nikaona aibu. Watu waliosahau kilichowaleta walikuwa wamemuuliza baba yangu mengi kwa siku moja kuliko mimi katika miaka ishirini na nane. Nikavuta kigoda.

"Baba, huko kulikuwaje?"

Akanigeukia. "Unauliza kweli, au ni heshima tu?"

"Nauliza kweli."

Akavua viatu, akaviweka kando, akaanza na mvua. Treni ilipopiga honi jioni kuondoka, sisi bado hatujaufikia mto.