Kibanio Chekundu cha Chumba cha Kompyuta

Wenzake hospitalini walimwita Fundi Kibanio, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na tisa alitunza kompyuta za kumbukumbu za wagonjwa, daftari halimtoki mkononi. Lakini alichokiamini kuliko daftari ni kibanio cha nguo, chekundu, cha plastiki.

Kila Jumanne saa moja asubuhi wauguzi wapya walijifunza kutumia mfumo. Ili wasivuruge kumbukumbu za kweli, fundi alifungua faili la mipangilio na kubadilisha mstari mmoja tu. Mfumo mzima ukaacha kusoma kanzidata halisi, ghala la kumbukumbu zote, ukasoma ile ya majaribio, nakala nyepesi ya miezi mitatu iliyopita. Hapo hapo alibana kibanio juu ya skrini yake. Saa mbili, kabla madaktari hawajaanza kupita wodini, aliurudisha mstari, ndipo akakitoa. Kibanio kikiwepo, mfumo uko kwenye majaribio. Kisipokuwepo, mambo shwari.

Jumanne hiyo aliitwa ghafla kurekebisha printa ya mapokezi. Aliporudi, saa mbili na nusu, juu ya skrini hapakuwa na kibanio.

"Kumbe nilisharudisha," alijisemea, akavuta kiti.

Saa tatu shemeji yake, mdogo wa mkewe, alichungulia mlangoni. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, na jana tu ndipo aliporudi kutoka likizo ya uzazi.

"Shemeji, leo umeilisha nini hii mashine? Ukigusa tu, imefunguka."

"Nimeipigia magoti."

"Basi uipigie kila siku, na dada atakununulia suruali nyingine."

Fundi alicheka. "Bibi wa kitanda cha sita vipi?"

"Homa imempanda tena. Daktari mgeni anasoma kumbukumbu zake sasa hivi, aone ampe dawa gani."

Bibi huyo fundi alimfahamu. Mwezi uliopita sindano ya penisilini nusura imtoe roho, na fundi alikuwepo wodini, akibadilisha waya, daktari wa zamani alipoandika onyo kwenye mfumo. Tangu kiharusi, bibi hasemi. Onyo lile ndilo lililobaki kumsemea.

Saa nne mama wa usafi aliingia na ufagio. Fundi akainua macho kumsalimu, yakatua dirishani. Pazia lilikuwa limebanwa vizuri, katikati, na kibanio chekundu.

"Mama, hiki nani amekiweka hapa?"

"Mimi, baba. Asubuhi jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha kompyuta yako, nikasema nikusitiri macho."

Fundi alifungua faili la mipangilio. Mstari uliishia na neno *majaribio*.

Aliurudisha, akapiga simu wodini. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akatoka mbio.

Shemeji yake alikuwa akitumbukiza bomba tupu la sindano kwenye boksi la taka.

"Heh, mbona unahema hivyo?"

"Bibi. Amechomwa nini?"

"Penisilini. Daktari ameangalia, hana mzio wowote. Hata mimi nimeona kwa macho yangu."

Fundi aligeukia kitanda cha sita. Bibi alikuwa amewakodolea macho wote wawili. Mkono wake uliobaki na nguvu ulikuwa ukikuna shingo, taratibu, kisha si taratibu tena.

"Mwite daktari," fundi alisema. "Kimbia."