Mlio Mmoja kwa Kila Jambo

Nilipohamia Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja mjane, mtaa wa Langoni. Nilimwita Bi, kama walivyomwita majirani. Mimi ni mtu wa bara, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Wakati huo mimi na mwenzangu aliyekuwa Mombasa tulitunza programu ya kuwawekea abiria nafasi kwenye boti za kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Mtandao ulishika vizuri zaidi chini, ukumbini, basi nikawa nafanyia kazi pale, Bi akichambua mchele kando yangu.

Shida ilikuwa simu yangu. Programu yetu iliandika kila kilichotokea ndani yake, na chochote kilichokwenda kombo, kikubwa au kidogo, ilikiita kosa. Abiria akighairi kabla ya kulipa, kosa. Mtandao ukikwama kidogo kisha ukarudi wenyewe, kosa. Na kila kosa lilinitumia ujumbe kwa mlio mkali. Mimi nilishauzoea, hata siutazami. Bi hakuuzoea. Kila ulipolia, ungo ulimtikisika mapajani.

"Kuna nini, mwanangu? Ni habari ya nani?"

"Si kitu, Bi. Ni kazi tu."

"Si kitu, na yalia vile?"

Nilidhani ni uzee. Siku binti yake alipokuja kumsalimu, alinivuta kando jikoni akaniambia kwamba habari ya kifo cha baba yao ilikuja kwa simu, mama akiwa peke yake pale ukumbini. Tangu hapo mlio wa simu humkata maini.

Ningeweza kuzima sauti tu, lakini siku mambo yangeharibika kweli nisingejua. Nikampigia mwenzangu.

"Tuyapange haya makosa kwa uzito," nikamwambia. "La dharura lilie. Mengine yaandikwe, tuyasome asubuhi."

"Na tukikosea kupanga? Afadhali nisumbuliwe."

"Yamelia mpaka nimeacha kuyatazama. Sasa tunalinda nini?"

Akacheka. "Hata mimi siyatazami."

Tukaipitia programu mstari baada ya mstari. Kila nilipokuta neno kosa nilijiuliza: hili likitokea, kuna mtu lazima ainuke sasa hivi? Mara nyingi hakuna, nami nikalishusha likawa onyo, au taarifa ya kawaida. Yaliyobaki na haki ya kulia yalikuwa machache ajabu. Mojawapo lilikuwa abiria kulipa na nafasi yake isihifadhiwe.

Ukumbi ukatulia. Mwanzoni mimi ndiye niliyekosa raha, nikiinua simu kuhakikisha haijazimika. Bi akanitazama.

"Yeo hawakuiti?"

"Leo wote wazima, Bi."

Alasiri moja nilikuwa darini, juu ya paa la nyumba, nikianua nguo, nikamsikia akiniita. Alikuwa amepanda ngazi zote zile na simu yangu mkononi, anahema, lakini uso umetulia.

"Yako yalia," akasema. "Siku hizi hailii ovyo. Nimeona hii ni kazi ya kweli, nikakuletea."

Ilikuwa kweli. Kompyuta yetu ya kuhifadhia kumbukumbu ilikuwa imejaa, haikuhifadhi tena nafasi mpya. Familia moja iliyokwisha kulipa ilikaribia kutua Manda, na hakuna nahodha aliyekuwa na habari. Nilimpigia mmoja palepale, kanga za Bi zikiwa begani mwangu. "Naenda sasa hivi," akasema. Mwenzangu akashughulikia kompyuta.

Bi alikuwa ameketi kwenye kipandio cha juu, akinisubiri.

"Wamepata chombo?"

"Wamepata, Bi."

"Alhamdulillahi." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nihamie kwake, akamtaja marehemu mumewe. "Yule bwana hakujua kusema na simu kabisa. Alikuwa akipiga ukelele, mtaa mzima wasikia tutakula nini."

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Niliketi kando yake, nguo mapajani, nikamwomba aniambie zaidi.