Mkojo Usio Wangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka kwa aibu.

Nilikuwa sijafika arobaini. Shinikizo la damu lilikuwa limeanza kuziharibu figo zangu, na daktari alitaka kukadiria hatari ya figo hizo kushindwa kabisa ndani ya miaka mitano. Hesabu yake ilihitaji umri wangu, damu yangu, na mkojo, aone protini inayovuja. Damu nilitoa. Mkojo ulinishinda, maana mpimaji wa maabara alikuwa mama mkwe wangu.

Wewe umekulia mjini, labda utacheka. Kwetu Ugogoni mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ningevumiliaje auchunguze mkojo wangu, tena wenye povu? Nikamwomba rafiki yangu Chilewa, aliyenisindikiza, ajaze kichupa chenye jina langu. Akanirudishia akicheka: "Shika. Huu wa dume, utakupa miaka mia."

Hatari ikatoka ndogo. Daktari alikunja uso kidogo, akanipangia kurudi baada ya mwaka.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja kwangu Ipagala. Hakuwahi kuingia nyumba ile. Mke wangu alikimbilia kumtandikia mkeka uani, lakini yeye alivuta kiti, akaketi mbele yangu, akanitazama.

"Baba, damu ile ni ya mgonjwa. Mkojo ule ni wa mtu mwenye afya. Ni wa nani?"

Nikainama, nikamwambia.

"Umenistahi mimi, huku unamfanya mwanangu mjane. Heshima hiyo siitaki. Kesho lete wa kwako, nitaupokea mwenyewe."

Niliupeleka. Hesabu mpya ilionesha hatari kubwa. Daktari akabadilisha dawa, akanikataza vidonge vya maumivu nilivyovizoea, akaanza kunieleza mapema habari za kusafishwa damu. Figo zilidumu kuliko nilivyostahili. Ziliposhindwa, mwaka juzi, mshipa wa mkono wa kusafishia damu ulikuwa umeshatayarishwa, nami niliingia hospitali kwa miguu yangu. Mama mkwe alikuwa ameshazikwa Mpwapwa. Sikuwahi kumtazama usoni nikamwambia asante.

Kwa hiyo, mwanangu, daktari akitaka kujua hatari iliyo mbele yako, mpe ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Ukimpa afya ya mwenzio, atapanga maisha ya mwenzio, na wewe utabaki bila mpango.

Mungu akutunzie figo zako, na nyumbani kwako asikose kuwaleta watu wenye ujasiri wa kukuuliza.