Picha ya Kota, Moto Ukiwa Mgongoni Mwetu

Harufu ya maharage yanayoanza kushika chungu hunirudisha kota za stesheni popote nilipo. Nikiwa sokoni Makanyagio napima mchele wa wateja, mama lishe wa pembeni akisahau chungu chake dakika mbili tu, mimi tayari nina miaka kumi, nimevaa gauni la shule lililokatwa mikono, na nyuma yangu kuna moshi wa kuni na harufu ya mafuta mazito yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye mabehewa hadi kokoto za reli zikawa nyeusi. Wenzangu wa umri wangu wakikumbuka utoto wao hucheka. Mimi kwa miaka thelathini nilikuwa nikiukumbuka naficha mkono wa kushoto ndani ya kitenge.

Kota zenyewe zilikuwa safu mbili za nyumba za matofali, zilizojengwa zamani za wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikufa kabla baba yangu hajaota ndevu, wakabaki watu wa reli: wapiga kengele, makarani wa mizigo, na magenge ya kukaza mataruma yanayobeba reli, ambamo ndimo alimokuwa baba. Kila familia ilikuwa na vyumba viwili vyenye dari ya mbao na bati juu. Majiko hatukujengewa. Watu walijijengea wenyewe nyuma ya nyumba, ya miti na udongo, yakaezekwa nyasi, yameshikana moja na jingine hata ukikohoa jikoni kwenu jirani anakupa pole. Kulikuwa na Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wanyamwezi, na mama yangu Mpimbwe kutoka kwenye mashamba ya mpunga, na wote tulikoga kwenye bomba moja. Treni ikipiga honi, hata mgonjwa alitoka kuangalia nani kashuka.

Kitu kimoja nataka mkielewe kuhusu kota, maana ndicho kilichotuponza. Pale hakuna aliyepoteza njiti ya kiberiti. Asubuhi mtoto alitumwa na kigae cha chungu kwenda kuomba kaa la moto, na wote tuliomba kwa jirani yetu wa ukutani, Mama Gaudensia, kwa sababu moto wake haukuwahi kuzimika. Hakuna aliyeuliza kwa nini haukuzimika. Tulijua. Mama Gaudensia alikuwa anapika gongo, pombe kali iliyokatazwa na serikali, na Balozi wetu wa nyumba kumi, Sosteni Nkana, alijua kuliko sisi wote, maana ndiye alikuwa wa kwanza kuionja. Ndiyo, namtaja kwa jina lake. Yeye langu alilitaja mbele ya kota nzima na mimi nilikuwa mtoto.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya tisini katikati, upepo ule mkavu wa mchana unaopeperusha vumbi na majivu. Maneno yalikuwa yameenea kwamba wafanyakazi watapunguzwa na kota zitafungwa, kila mtu aende kwao. Wamama wakasema kabla hatujatawanyika tupige picha moja, kota nzima. Akaitwa Mzee Abeli, Mrundi wa Katumba, aliyekuwa anapiga picha vijijini kwa baiskeli, kamera kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi. Filamu zake alizipakia kwenye treni kwenda kusafishwa Tabora, kwa hiyo picha ukipigwa leo unaiona wiki nyingi baadaye, na katika wiki hizo unaiota. Asubuhi ile nguo zilizunguka kota nzima. Viatu vya karani wa mizigo vilivaliwa kwa zamu na wanaume watatu kwenye picha za familia, kabla ya ile ya wote. Mama alimwazima jirani hereni, naye akaazimwa kilemba.

Mimi nikaambiwa nibaki nalinda moto. Hiyo nayo ilikuwa desturi yetu: wakubwa wakitoka, kila jiko linaachiwa mtoto mmoja. Maharage yalikuwa jikoni, na mdogo wangu Deo, wa mwaka mmoja, alikuwa amelala chumbani. Nilikaa. Nikasikia vicheko mbele ya nyumba. Nikasikia Mzee Abeli anawapanga, warefu nyuma, wafupi mbele. Nikaona kabisa kwamba miaka yote watu wataiangalia ile picha na kuuliza, na Skola yuko wapi? Basi nikazivuta kuni kutoka mafigani, nikazizika kwenye mchanga, nikakimbia. Nilichomoka katikati ya miguu ya watu nikasimama mstari wa mbele. Mama aliniona, akanikunjia uso, lakini kamera ilikuwa tayari.

Nakumbuka Mzee Abeli alitoa jicho kwenye kamera akaita, "Mama wa gauni la kijani, tulia, utaniharibia picha."

Watu wakacheka. Tukatulia. Akapiga. Haikupita muda mtu akapiga yowe, na tulipogeuka nyasi za majiko zilikuwa zinawaka kwa pamoja, upepo unazisukuma kama mtu anayefagia. Kila mmoja alikimbilia kilicho chake. Mimi nilikimbilia Deo. Dari ya chumba ilikuwa imeshashika, nikamtoa nimemfunika na kitenge cha mama, yeye hakupata hata lengelenge. Mkono wangu wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka vidole, uliachwa jinsi ulivyo leo. Safu nzima iliteketea. Tunashukuru hakufa mtu.

Kesho yake kikao kikaitwa stesheni, penye mzani wa mizigo. Mimi nilikaa chini, mkono umefungwa kwenye kanga iliyolowekwa asali, nauma meno. Jiko letu na la Mama Gaudensia yalishikana, na wote waliona moto ulianzia upande huo. Kilichobaki ni kuchagua moja. Mama Gaudensia alisema jiko lake siku ile lilikuwa baridi kama kaburi, hakuwasha kitu kwa sababu ya picha. Watu ambao asubuhi ileile walikuwa wamechukua makaa kwake waliangalia chini. Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya kuificha. Ndipo Balozi Sosteni akamgeukia mama yangu, akauliza ni nani aliachwa kulinda moto kwake.

"Binti yangu," mama akajibu, maana hajui kusema uongo.

"Na wakati tunapigwa picha, wewe mtoto ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye picha," nikasema.

"Basi mmesikia nyie wenyewe. Skola aliuacha moto peke yake. Na mkono wake huo mnauona, unasema kila kitu."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mkono ulioungua nikimtoa mdogo wangu ndio uliogeuzwa ushahidi. Nilijaribu kueleza kwamba nilizika kuni mchangani, watu walikuwa wameshaanza kuinuka. Tangu siku hiyo jina langu likawa Kiberiti. Shuleni nikiingia darasani walikuwa wanajifanya kunusa, wanasema, jamani, kuna kitu kinaungua. Mwalimu naye alicheka mara moja. Mara moja ilitosha. Nikaishia darasa la nne. Baba alipopunguzwa kazini tulihamia Mwamkulu kulima, na jina likatufuata kwa miguu. Mwanaume wa kwanza aliyekuja kunichumbia, mama yake alimuuliza kama ana nyumba ya akiba.

Nisiseme mama alinilaumu. Hakuwahi, hata kwa neno moja. Lakini hakuniachia moto tena. Nikiwa msichana, akienda shamba alikuwa anamwaga maji mafigani kwanza. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, napika kwangu Makanyagio kila siku, lakini nikienda kumtembelea ananiambia, kaa mwanangu, mgeni hapiki. Mgeni gani? Anatembea anaumwa magoti, anainama kupuliza moto, na mimi nimekaa kwenye kigoda kama mkwe. Ubaya zaidi ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwelewa. Ukiambiwa miaka yote kwamba hukuzima kuni, mwisho unaanza kukumbuka hukuzizima. Nilikuwa nautafuta ule mchanga kichwani, na kila mwaka ulikuwa unapungua.

Sasa, juzijuzi mtoto mmoja wa dereva wa treni, anayeishi Dar, akafungua kundi la WhatsApp la watu waliokulia kota. Wakaniunganisha. Kila siku picha za zamani: kengele ya stesheni, timu ya mpira peku, mtu kakaa juu ya reli anajifanya anasoma gazeti. Watu walikuwa wanalia kwa furaha huko ndani. Balozi Sosteni naye alikuwemo, mzee sasa, wanamwita Baba Yetu wa Kota, kila asubuhi anatuma sala na picha ya maua. Mimi nilikuwa nasoma tu, siandiki. Mtu akiuliza, Kiberiti yupo humu? wanaweka vikatuni vya kucheka.

Siku ya Jumamosi, nimekaa juu ya gunia sokoni, akaongezwa dada mmoja wa Katumba, binti wa Mzee Abeli. Akasalimia vizuri. Akasema baba yake alishafariki, ameacha kopo la maziwa ya unga limejaa filamu, na yeye anazipeleka studio moja baada ya nyingine. Akatuma picha ya kota nzima. Akaandika kwamba baba yake alisikitika sana kwa ajili ya hiyo, maana alipoileta mwenyewe kutoka Tabora alikuta watu wameshatawanyika, akaikabidhi kwa balozi awagawie, na hakusikia tena habari zake.

Niliifungua. Kwanza nilijiona mimi, mstari wa mbele, gauni la mikono iliyokatwa, nacheka meno yote, na mikono yangu miwili mizima. Nikakaa nayo hapo muda mrefu. Kisha nikaivuta kwa vidole, nikapanda juu ya vichwa vya watu, mpaka kwenye majiko nyuma ya pembe ya nyumba. Paa letu la nyasi lilikuwa kavu, safi, halina hata uzi wa moshi. Paa la Mama Gaudensia lilikuwa linatoa moshi mweupe mnene katikati ya nyasi, si mlangoni, katikati ya nyasi. Nikateremsha kidole. Watu wote wa kota wanaangalia kamera, isipokuwa mmoja. Mama Gaudensia, ndiye yule wa gauni la kijani, amegeuza shingo, anaangalia nyuma. Na mkono wa Balozi Sosteni uko begani kwake, umemshika hapohapo alipo.

Mteja alikuwa anaita, dada, mchele, dada. Sikumsikia. Nilikuwa nacheka, machozi yananitoka, kifua kimekuwa chepesi mpaka nikahisi nitaanguka kutoka kwenye gunia. Nilizika kuni. Nilizizika mchangani. Baadaye nikaandika kwenye kundi, kwa mara ya kwanza tangu niunganishwe, na makosa yangu ya darasa la nne: "Mzee Sosteni, picha hii ulipewa mkononi. Uliipeleka wapi?" Nikaona amesoma. Nikasubiri. Simu ikaonyesha kwamba Mzee Sosteni ametoka kwenye kundi. Ilipofika adhuhuri mtu akaandika, Skola, tusamehe. Wakafuata wengine. Sijawajibu. Mama Gaudensia alishakufa, siwezi kumuuliza aliogopa nini zaidi, polisi au Sosteni. Lakini Sosteni yupo hai, na sala zake za asubuhi anajua mwenyewe anampelekea nani. Kumsamehe, sijui. Sina haraka.

Nilifunga biashara, nikapanda bodaboda mpaka Mwamkulu. Mama alikuwa jikoni kwake, anapuliza. Macho yake hayaoni vizuri, akaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto, nami nikamwonyesha kimoja kimoja: huyu ni wewe na kilemba cha kuazima, huyu mimi, hili paa letu, hili la jirani. Akaniambia nimrudishe kwenye paa letu. Akaliangalia tena, pua karibu iguse kioo.

"Halina moshi," akasema.

"Halina, mama."

Alinirudishia simu. Akashika mkono wangu wa kushoto, ule ambao hajawahi kuushika tangu jeraha lipone, akaupitishia kiganja chake chote, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Akainuka kwa shida, akachukua ndoo na kanga.

"Naenda kuoga," akasema. "Niangalizie maharage."

Zamani zile niliachiwa moto nikatamani kuwa kwenye picha. Leo picha ninayo mfukoni, kota zimebaki misingi na magugu, na watu wake wametapakaa kuanzia Kigoma mpaka Dar, na mimi sikutamani kuwa popote pengine. Nilisogeza kigoda mpaka kwenye mafiga. Nikasukuma kuni ndani, nikaongeza maji kidogo, nikakoroga chini kabisa pale yanaposhikaga. Nilimsikia mama anajimwagia maji nyuma ya nyumba, taratibu, kama mtu ambaye hana wasiwasi wa kitu chochote kilichoko jikoni kwake.