Utando wa Mdogo Wangu

Semeni mtakalo, mashine ile niliishika miaka kumi na moja kabla Kipusa hajaiona hata kwa picha. Kipusa ni mdogo wangu, tumbo moja, mgongoni nimembeba mimi. Leo yeye ni daktari wa fizikia, mimi fundi wa maabara hiyohiyo, na asubuhi ndiye ninayemfungulia mlango!

Kazi yangu kwenye mashine ile ni kupaka utando. Juu na chini zinakaa metali ambazo zikipozwa sana hupitisha umeme bila upinzani wowote. Katikati unapaka kizuizi chembamba mno, ndio utando wenyewe, na umeme bado unapenya. Changu kilikuwa cha alumini iliyoshika oksijeni, na Profesa, mkuu wa maabara yetu, alikuwa akisema hakuna mkono kama wangu. Kipusa akaja na mchanganyiko wake wa shaba na nikeli, wenye usumaku, eti huo unaweza kuugeuza umeme uende kinyume. Basi ikawa Kipusa hivi, Kipusa vile. Roho iliniuma, sifichi.

Alijaribu mara tisa, umeme haukugeuka. Profesa akampa nafasi moja tu: ikishindikana, utafiti wake unafungwa, tunarudi kwenye alumini yangu.

"Dada, paka sekunde arobaini, usizidishe," akaniambia. "Nakuamini." Akaenda kula.

Nikaacha hadi sitini, utando uwe mnene. Alumini ilinifundisha kwamba utando mnene huua umeme. Kwenye kitabu cha kumbukumbu za maabara nikaandika arobaini, kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake nikasikia kelele chumba cha vipimo. Nikajua ni kilio. Kumbe vigelegele! Umeme umegeuka. Nikeli si alumini bwana: ukizidisha unene, umeme hufifia mpaka uishe, kisha huibuka tena ukiwa kinyume.

"Rudieni arobaini hizohizo," Profesa akasema, "halafu tutangaze."

Nikakaa mbele ya mashine, Kipusa kando yangu. Nikipaka arobaini za kweli, umeme haugeuki, naye ataonekana mwongo mbele ya watu wote. Nilitamani hivyo, Mungu anisamehe. Mkono ukagoma.

"Kitabu kinadanganya," nikamwambia. "Nilizidisha. Makusudi."

Akanikodolea macho. Nikangoja matusi, hata kofi.

"Ulizidisha ngapi?"

"Ishirini."

Akafuta arobaini, akaandika sitini, akatoka mbio kwa Profesa. Nikabaki nimekaa pale, nikingoja arudi aniulize kwa nini. Hajauliza mpaka leo.