Sauti Iliyomsindikiza Zawadi

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kilikuja kutoka nyuma ya kona, mara mbili, kikafuatiwa na kimya kama cha mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu mngurumo. Enzi zetu pale Kabondo hakuna aliyehitaji kuona ndipo ajue: Papa anarudi na pikipiki yake. Sisi wasichana tuliokuwa tunacheza nzango mbele ya nyumba, tukirusha miguu na kupiga makofi, tuliacha mchezo na kumpisha hata kabla hajatokeza. Pikipiki yenyewe ilikuwa imemzidi umri Zawadi, dada yangu mkubwa. Zamani ilikuwa nyekundu.

Ninyi mliokua Kisangani miaka ya uasi mnakumbuka jinsi mambo yalivyobadilika. Meli ziliacha kupanda mto kutoka Kinshasa. Magari yalichukuliwa na wenye bunduki, au wenyewe waliyaficha bila magurudumu. Mafuta yaliuzwa kwa chupa kando ya barabara, na mji mzima ukahamia kwenye toleka, baiskeli za kubeba abiria. Tulikula lituma siku ya furaha na tukala lituma siku ya huzuni, ndizi zile zile zilizopondwa, na samaki wa Yanonge akipatikana Mama alitugawia mpaka kichwa chake kwa zamu. Mawe ya radio, yaani betri zake, yalipokwisha tuliyaanika juu ya bati yaote jua, ili yatupe wimbo mmoja zaidi. Vijana wa leo, betri ya simu ikipungua kidogo tu wanahema kama wagonjwa. Laiti wangetuona tunalinda mawe yetu yasiibiwe na kunguru!

Ni katika miaka hiyo Zawadi alipochumbiwa. Mchumba alikuwa kijana wa mtaa wa Makiso, mpole, muuza vitambaa. Kila mtu alifurahi, na kila mtu alimtazama Papa kwa wasiwasi. Papa alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa ameanguka alipopanda kuziba bati letu lililotobolewa na risasi, na mguu wake ulikataa kupona. Alishonea kitandani, karibu na dirisha, kwa cherehani ya mkono. Pikipiki ilisimama uani, imefunikwa gunia. Asingeweza kumsindikiza binti yake hata hatua moja.

"Mutoto yangu hatatoka hapa sawa mutu anakimbia vita," alisema.

Tulimwelewa. Mwaka ule tulikuwa tumeona wengi wakipita barabarani wakiacha nyumba zao: haraka, kimya, bila taa, vifurushi kichwani. Papa alitaka binti yake atoke kinyume cha hivyo. Alitaka taa, muziki na mwendo wa taratibu, na alitaka kuyasikia yote kutoka dirishani mpaka yatakapoishia.

"Bon, shemeji, wachia mimi hii kazi," alisema Tonton Ramazani, mdogo wake Mama, aliyekuwa akitengeneza radio sokoni. "Hata komanda mwenyewe hajapanda pikipiki sawa hii nitakutengenezea."

Akaondoa gunia. Betri ya pikipiki ilikuwa imekufa zamani, naye hakuwa na nyingine, kwa hiyo aliamua kuchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini. Alikusanya balbu ndogo za tochi mbovu mtaa mzima. Waya aliupata kwenye kengele ya umeme ya shule iliyokuwa haina wa kuipiga, kwa sababu shule yenyewe ilikuwa imefungwa. Radio ya kaseti aliifunga kwenye usukani kwa mpira wa baiskeli. Sisi watoto tulitakiwa kuleta karatasi za peremende za kuvalisha balbu, zipate rangi. Peremende tulikuwa hatujaziona siku nyingi, lakini karatasi zake tulizitunza ndani ya madaftari, zimenyooshwa kwa kucha. Nilikuwa na moja ya kijani iliyokuwa bado inanukia mnanaa. Niliinusa kwa mara ya mwisho, nikaitoa. Naye Papa, kitandani kwake, alishona waya ndani ya pindo la kitambaa cheupe cha kufunikia kiti, mishono midogo midogo, kana kwamba ni nguo ya bibi arusi yenyewe.

Mkesha wa arusi tuliijaribu uani, jua likiwa linashuka. Tonton alizungusha mkono wa mafuta, injini ikanguruma, na balbu zote zikawaka, nyekundu, njano, kijani yangu. Kaseti ikaimba. Mama alipiga kigelegele. Papa alicheka dirishani mpaka akashika mguu.

"Sasa mupeleke barabarani," alisema. "Polepole, sawa kesho."

Hapo ndipo tulipoona kosa. Tonton alipopunguza mwendo, balbu zilififia zikawa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Mwimbaji wa kike kwenye kaseti akageuka mzee wa kiume, kisha mzee mgonjwa, kisha akanyamaza. Alipoongeza mwendo, mwanamke alifufuka na taa zikang'aa, lakini Tonton alikuwa ameshatupita kwa vumbi.

"Ramazani! Bibi arusi hakimbizwi!" Mama alimfokea. "Akienda mbio watu watasema alikuwa anateseka kwa baba yake."

"Yaya, dada yangu, nikienda polepole taa iko inakufa. Donc, uchague: taa ao heshima."

"Wewe ulitengeneza pikipiki ya mwizi!"

Majirani walicheka. Mimi nilitazama dirishani. Papa alikuwa amegeuzia uso ukutani.

Nadhani Mama aliona pia, maana aliacha kufoka. Aliizunguka pikipiki, akaitazama kama anavyotazama samaki sokoni.

"Hii injini, haiwezi kulia bila kutembea?"

"Inaweza. Lakini itatembea namna gani?"

"Na hawa vijana wa toleka, miguu yao iko ya nini?"

Kesho yake, baada ya magharibi, kabla ya saa ya kuzuiwa kutembea, Zawadi aliketi nyuma ya Tonton, kiupande, ameinamisha kichwa. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote bila gia, taa ziliwaka zote, na vijana wa toleka waliisukuma kwa mikono, hatua kwa hatua.

"Tonton, hii pikipiki inapanda sisi ao sisi tunaipanda?" mmoja wao alilalamika.

"Sukuma, wewe! Siku ya arusi yako tutasukuma punda!"

Mimi nilibaki na Papa. Kwetu, mtoto aliyekuwa akilala kitanda kimoja na bibi arusi hasindikizi, asije akamliza njiani. Papa alinishika mkono, akainamisha kichwa upande, tukasikiliza. Kitanda chetu, mimi na Zawadi, kilikuwa pale kando, kimetandikwa kwa ajili ya mmoja.

"Sasa iko kwa kisima," alinong'ona. "Sasa kwa msikiti."

Kisha sauti ikakatika. Muziki, injini, vigelegele, vyote. Baada ya msikiti kulikuwa na kizuizi cha askari. Vidole vya Papa vilinibana mpaka nikaumia, nami sikuuvuta mkono wangu.

Tukasikia kikohozi. Cha pili. Kimya kile cha kusahau. Halafu mngurumo, na mwanamke wa kaseti akaendelea pale alipoachia.

Tonton alitusimulia baadaye kwamba askari alimwamuru azime injini, akazitazama balbu kwa muda, akauliza ni nani aliyeshona kitambaa kile. Alipojibiwa kuwa ni baba wa bibi arusi, asiyeweza kutoka kitandani, aliirudisha bunduki mgongoni na kusukuma nao mpaka mwisho wa barabara. Lakini siku ile sisi hatukujua lolote. Tuliisikia tu sauti ikiwa ndogo, ndogo zaidi, mpaka sikuweza kuitofautisha na damu masikioni mwangu.

"Amefika," alisema Papa. Yeye aliendelea kuisikia, nina hakika.

Papa hayupo tena. Mwaka huu Zawadi amemwoza binti yake, Neema. Vijana walikuja na pikipiki mpya kutoka dukani, taa za buluu mpaka kwenye magurudumu, spika inayotikisa vikombe kabatini, na hakuna hata mmoja anayejua waya unapita wapi. Neema alipanda, akatupungia simu, wakaondoka kama risasi. Nilikuwa sijamaliza kigelegele changu.

Zawadi alibaki kizingitini, mkono kwenye mlango, kichwa amekiinamisha upande, vile vile kama Papa.

"Wamefika kwa msikiti?" aliniuliza.

"Yaya, hao wamefika zamani."

Akacheka, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Alingoja kidogo zaidi, huenda upepo ungemrudishia chochote. Kisha akafunga mlango.